Baba wa Kuandikwa

“Kwa nini wewe naolewa na ndugu yako?”

Hilo ndilo swali nililoulizwa dirishani, kwenye ofisi ya viza mjini, asubuhi, watu wamejaa kwenye mabenchi nyuma yangu. Mzungu aliliuliza kwa Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi, ameinua cheti changu cha ndoa kwa ncha za vidole. Mama mmoja wa Kihindi aliacha kubembeleza mtoto wake ili asikie vizuri. Mimi ni Muhiba binti Jumbe, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na hasira zangu zinajulikana kuanzia msikitini hadi Gikomba. Siku ile nilitamani kumrukia mtu yule kupitia kidirisha chake.

“Soma,” akasema, akanigeuzia karatasi.

Mume: Idarusi bin Jumbe. Mke: Muhiba binti Jumbe. Aliyemwozesha mke: baba yake, Jumbe bin Heri.

“Baba moja,” akasema, akainua kidole. “Baba moja, watoto mbili. Halafu naoana. Mimi hapana weza kupa mtu kama hii viza.”

Karani wake, Okoth, aliyekaa kando na mafaili, akainamia kalamu yake ili nisimwone uso. Sikumlaumu. Hata wewe ungecheka.

Basi nieleze, maana nimechoka kuonekana mwehu. Mume wangu alizaliwa Canton, Uchina, na kwao anaitwa Lai Wing Fook. Alifika Mombasa na tajiri mmoja aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani, akiyakausha na kuyapeleka kwao ambako, Mungu anisamehe, watu huyala. Biashara ilipokufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapanda gari la moshi akaja Nairobi na sanduku la vifaa vya useremala, akapanga chumba kwa baba yangu. Alinitengenezea stuli kabla hajanisemesha neno. Kisha kabati. Kisha kitanda, na hapo baba akasema afadhali huyu Mchina aulizwe anataka nini kabla nyumba haijajaa.

Alitaka kunioa. Akasilimu kwanza, na Mwalimu Abdurahim wa msikiti wetu akampa jina la Idarusi. Ilipofika sehemu ya jina la baba, Mwalimu hakuuliza habari za Canton. Aliuliza kama walivyouliza Majengo siku zote: “Nani anamsimamia?” Baba yangu akainuka. “Mimi. Mwandikeni bin Jumbe.”

Ndivyo mji wetu ulivyo. Majengo ni mji wa watu waliokuja. Mmanyema, Mnubi, Mkamba, Mnyamwezi, kila aliyeingia katika Uislamu bila jamaa alisimamiwa na mtu, na mtu huyo akawa baba yake wa kumposea, wa kumwuguza na wa kumzika. Mwalimu alijua vizuri kwamba damu haibadilishwi kwa wino. Aliandika “bin” kwa maana ya usimamizi, na mtaa mzima ukaelewa hivyo. Baba mwenyewe aliingia hivyo hivyo, kijana kutoka bara asiye na mtu, akasimamiwa na mzee Heri, akawa Jumbe bin Heri. Hilo lilikuwa limepita miaka mingi kabla sijazaliwa na hakuna aliyelizungumza.

Baba alijaaliwa mabinti watupu. Siku ile alitoka msikitini amemshika Mchina wake mkono, akimtambulisha kwa watu waliokuwa wakimwona kila siku: “Mwanangu, Idarusi.” Miezi miwili baadaye tukaoana, na Mwalimu akanakili jina kutoka cheti cha kusilimu hadi cheti cha ndoa. Hakuna aliyeshtuka. Tulijuana mno, hata hatukuwaza kwamba siku moja tutasomwa na mtu asiyetujua. Hilo ndilo kosa letu, na ni sisi tu wa Majengo tungeweza kulifanya.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikipigana na waasi wa Kikuyu. Mwanzoni mwa mwaka hamsini na tatu ami yake mume wangu, mzee mwenye duka huko kisiwani Morisi, alimwita aende kumsaidia, naye akaenda, maana karakana za Gikomba zilikuwa zimefungwa nusu na hakuna aliyekuwa na moyo wa kununua kabati. Tukakubaliana kwamba mimi na mtoto wetu Mwanasiti tutamfuata. Alimwacha Mwanasiti ana miaka minne. Maombi yakachukua miaka miwili. Hatimaye Morisi wakakubali kutupokea, lakini kwa sharti: tupande meli ya tarehe thelathini Septemba, mwaka hamsini na tano. Tukikosa, ruhusa imekufa, na ami alikwisha ambiwa kwamba hapatakuwa na nyingine. Kilichobaki kilikuwa viza tu, yaani yule bwana wa dirishani na mhuri wake.

“Mimi nataka karatasi ya China,” akasema siku ile ya kwanza. “Nasema huyu bwana nazaliwa wapi, baba yake nani. Na mhuri ya serikali ya China. Na Kiingereza yake. Bila hiyo, kwaheri.”

Okoth alinifuata hadi kwenye ngazi akanieleza taratibu. Alikuwa kijana wa Kaloleni, suruali imepigwa pasi ikanyooka, na alisema nami kwa heshima. “Mama, anataka cheti ya kuzaliwa, lakini si nakala tu. Lazima ofisa wa huko kwao athibitishe kwa mhuri kwamba ni ya kweli. Halafu wakili atafsiri na yeye aweke mhuri yake. Usilete moja bila ingine, atakurudisha tena.”

Nilimwandikia mume wangu. Huo ulikuwa mwezi wa Januari. Jibu lenye maana lilikuja mwezi wa Juni, na nalinukuu kama lilivyo kwa sababu lilinifanya nitupe sufuria.

“Mke wangu Muhiba. Kaka yangu amekwenda mjini mara nne. Mara ya kwanza waliuliza kwa nini mtu wa ng'ambo anataka karatasi. Mara ya pili mwenye mhuri hakuwepo. Mara ya tatu walitaka wazee wawili walioniona nimezaliwa, na mmoja amekufa. Mara ya nne wamekubali mzee mmoja na shangazi. Karatasi iko njiani kwenda kwa wakili Hong Kong. Usikasirike.”

Usikasirike! Kila siku nilikuwa napita katikati ya askari kwenda sokoni, mtoto wangu ameanza kuuliza kama baba yake ana ndevu, na mtu ananiandikia nisikasirike. Miaka ile karatasi ndiyo ilikuwa mtu. Aprili ya mwaka uliotangulia mji mzima ulizingirwa, na Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori wanaume kwa wanawake, wengine na sabuni bado usoni. Askari walipofika nyumbani kwetu, baba alisimama barazani kando ya cherehani yake na kanzu yake na kofia yake, akatoa kipande, hati yake ya utambulisho. Mmoja wao akasoma: Jumbe bin Heri, Mswahili, Pumwani. Akamrudishia. Nakumbuka baba aliketi akashona mkono ule ule wa koti mara mbili.

Karatasi ya Canton ilifika mwishoni mwa Agosti. Ilikuwa nyepesi, maandishi yameteremka kutoka juu kwenda chini, na chini kabisa mhuri mwekundu wa duara. Nyuma yake ilishonewa tafsiri ya Kiingereza kwa uzi, na nta ya wakili juu ya fundo. Tuliitandaza juu ya meza ya cherehani. Binti wa jirani anayesoma shule akatufafanulia: Lai Wing Fook, mwana wa Lai Kam Tong, mkulima.

Baba aligusa jina lile kwa kidole. “Lai Kam Tong,” akasema polepole. “Kumbe ndiye mwenzangu.” Alifurahi kweli, kama mtu aliyeletewa salamu.

Nilirudi dirishani nikiwa nimejipamba. Mzungu aliichunguza karatasi ile kwa kioo cha kukuzia, akaichunguza na nta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Hii karatasi mzuri sana. Sasa mimi najua Lai. Baba yake Kam Tong. Mzuri.” Akachukua cheti cha ndoa kwa mkono mwingine. “Lakini wewe hapana olewa na Lai. Wewe naolewa na Idarusi bin Jumbe. Idarusi ni nani?”

“Ndiye yeye huyo huyo!”

“Wewe nasema. Karatasi hapana sema.”

Nikapiga kaunta kwa kiganja. Nikamwambia mtaa mzima unajua, mkewe ni mimi, mtoto ana macho ya baba yake, amwite amtazame. Akaningoja nimalize. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, ule utulivu wake. Kisha akasema Jumbe bin Heri aje mwenyewe, aape, aseme mbele yake kwamba yeye hakumzaa Idarusi, na kwamba Idarusi na Lai ni mtu mmoja.

Okoth akaingilia. “Bwana, labda imamu aape? Ama jirani?”

“Mwalimu aliyeandika amekufa,” nikasema.

“Jumbe,” akasema Mzungu. “Jina yake iko hapa. Yeye tu.”

Kwenye ngazi Okoth alinisimamisha tena. Aliangalia juu, akaangalia chini. “Mama, samahani nikuulize. Mzee wako ni mtu wa wapi hasa?”

“Wa Majengo!” nikamjibu. “Na wewe je, ni wa wapi? Umeanza kazi ya kuchuja watu kama askari?”

“Hapana, mama. Basi. Pole.” Akapanda zake. Nilimtukana kimoyomoyo hadi nyumbani, kwa sababu siku zile mtu akikuuliza hivyo ulijua ni adui. Sikusimama kufikiri kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kujihadhari.

Baba alikataa.

Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akaendelea kukanyaga cherehani. “Nimesikia, mwanangu. Siendi.”

“Ni kiapo tu, baba. Maneno mawili.”

“Nilisimama msikitini nikasema huyu ni wangu. Leo nikasimame mbele ya Mzungu niseme si wangu?”

“Si wako! Baba yake ni Lai Kam Tong, mkulima, wewe mwenyewe umemshika kwa kidole!”

“Najua.” Akaacha kukanyaga. “Wataniapisha kwa Msahafu?”

“Wewe ni Mwislamu, wakuapishe kwa nini kingine?”

Na mimi, badala ya kuuliza kwa nini swali lile limemtoka kwa sauti ile, nikapandwa na mori. Nilimwambia maneno ambayo hadi leo yananirudia nikiwa naosha vyombo. Nilimwambia alitaka mwana wa kiume mpaka akaazima wa watu, na sasa yuko tayari kuninyima mume ili abaki na jina kwenye karatasi. Nilimwambia anampenda mtoto wa wino kuliko wa damu. Nikamwambia Mwanasiti akikua bila baba, nitamwonyesha ni nani aliyemnyima. Nilisema haya barazani, wapangaji wakisikia.

Baba alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa kanzu, akavaa tena.

Siku mbili alikula peke yake. Nilidhani amenuna, nikanuna zaidi yake. Siku ya tatu asubuhi alinyoa, akavaa kanzu nyeupe na koti lake jeusi la Idi, akaniita chumbani. Akanipa funguo za nyumba. Akanieleza chumba cha tatu kinavuja upande gani, na kwamba koti la Wehliye, mwuza mbuzi, limebaki vifungo tu, nimpelekee. Akambusu Mwanasiti kichwani.

“Tunakwenda mjini na kurudi, baba,” nikasema. “Si Makka.”

“Twende,” akasema.

Ofisini kulikuwa na Msahafu juu ya meza, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Baba aliomba maji kwanza, akatawadha uani, akarudi mikono ikidondoka maji. Akaweka kiganja chake cha kulia juu ya kitabu. Okoth akasoma, baba akafuata neno kwa neno: kwamba yeye si baba mzazi wa Idarusi, kwamba alimwandikisha kwa jina lake kwa desturi ya Majengo, kwa maana ya kumsimamia, kwamba mtu huyo ndiye Lai Wing Fook, mwana wa Lai Kam Tong wa Canton.

Nilipumua. Nilianza hata kuiona bandari.

“Mzuri,” akasema Mzungu, kalamu mkononi. “Sasa kujaza chini. Jina ya mtu naapa, Jumbe. Baba yake nani? Nazaliwa wapi?”

Lilikuwa swali la fomu tu. Mstari wa chini kabisa, wenye nukta nukta. Okoth akasema upesi, tena kwa sauti ya juu, “Heri, bwana. Bin Heri, Pumwani. Iko kwa kipande.”

“Mimi nauliza yeye.” Mzungu hakuwa amekasirika. Alitazama cheti, akamtazama baba, na nikaona jambo likimwingia kichwani taratibu. “Wewe sasa hivi nasema huko Majengo ‘bin’ si baba. Ni desturi. Heri iko baba yako ya kuzaa, ama ya desturi?”

Mkono wa baba ulikuwa bado juu ya Msahafu. Hakuna aliyemwambia autoe.

“Baba,” nikasema. “Sema Heri.” Hapo nilikuwa nimeelewa. Nilielewa Okoth kwenye ngazi, nikaelewa funguo, nikaelewa na ule mkono wa koti ulioshonwa mara mbili. “Baba, sema Heri tu.”

Alinigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na laiti angekuwa nayo. “Muhiba, nimeshaapa,” akasema. Kisha akamgeukia Mzungu. “Baba yangu mzazi aliitwa Gichohi. Nilizaliwa Fort Hall. Mama aliniita Ndegwa.”

Baba yangu aliyevaa kanzu miaka arobaini, aliyefunga kila Ramadhani, alikuwa Mkikuyu mwenye kipande cha Mswahili, mwaka wa hamsini na tano, na alilisema mwenyewe, mkono juu ya kitabu. Mzungu aliandika hadi mwisho wa mstari. Akaweka nukta. Akachukua mhuri, akaupiga juu ya karatasi zangu mara tatu, akanisogezea.

“Wewe sasa tayari,” akaniambia. “Viza yako iko.” Kisha akainua simu.

Askari wawili waliingia kwa mlango wa nyuma. Nilipiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Nilimwambia yule bwana afute, achukue viza yake aitafune, nimeghairi, sitaki kwenda popote. Akasema kiapo hakifutwi. Baba alivua koti lake jeusi akanipa, kwa sababu, alisema, huko litapotea.

Okoth alinishika bega nikamsukuma. Kosa halikuwa lake. Nilitafuta wa kumpiga, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Iliwachukua wiki mbili kuniambia yuko kambi gani ya kizuizini. Nilikwenda na chakula kwenye kapu, na karatasi zangu zote kwenye bahasha, kwa kuwa nilikwisha jifunza. Askari wa langoni alifungua daftari lake, akapitisha kidole.

“Hakuna Jumbe hapa.”

“Mtafute Ndegwa. Ndegwa wa Gichohi.”

“Huyu yuko. Wewe ni nani yake?”

“Mwanawe.”

Akataka karatasi. Nikampa viza, yenye mihuri yake mitatu. Akaisoma kwa makini, mtu anayeijua kazi yake. “Hapa imeandikwa Muhiba binti Jumbe. Baba yako ni Jumbe. Huyu wetu ni Ndegwa. Si jamaa yako.”

“Ndiye yeye huyo huyo,” nikasema, nikajisikia nikisema.

“Karatasi haisemi hivyo, mama. Lete hati ya kiapo, iwe na mhuri, kwamba Jumbe na Ndegwa ni mtu mmoja. Aape mtu aliyemjua tangu zamani kwa majina yote mawili, si wewe.”

Nikamwambia ipo. Ipo ofisini, mjini, kwenye faili, mstari wa chini kabisa. Akasema basi niilete. Nilirudi dirishani kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Hati ile si yangu, niliambiwa, ni ya serikali. Hainakiliwi. Okoth alikuwa amehamishwa, na karani mpya hakuniangalia usoni.

Meli iliondoka Mombasa tarehe thelathini. Mimi siku hiyo nilikuwa langoni na kapu, Mwanasiti amekaa juu ya koti jeusi lililokunjwa. Mume wangu ameandika tangu wakati ule, anasema yuko mtu Canton anayeweza kusaidia, anasema nisikasirike. Sijamjibu. Ile karatasi yake yenye mhuri mwekundu bado ninayo, na inathibitisha mtu aliyezaliwa upande wa pili wa dunia, na baba yake, na kazi ya baba yake. Lakini kwamba yule mzee aliye nyuma ya waya ni baba yangu, hilo hakuna karatasi mkononi mwangu inayolisema. Waliomjua Ndegwa wamekufa; yuko mmoja tu anayeweza kuliapia, naye nimemwingiza humo kwa mikono yangu mwenyewe.